Refa Aliyeikataa Kadi

Jumatatu hadi Ijumaa anashona viatu. Kibanda chake, chenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, kimeegemea ukuta wa stoo ya saruji. Ndani yake kila kitu kina mahali pake: msharasi wa kutobolea ngozi, nyundo ya kichwa kipana, mkebe wa gundi uliofunikwa kwa kitambaa ili isikauke, na kalibu ya chuma yenye nyayo tatu, wa mtu mzima, wa kijana na wa mtoto. Jumamosi na Jumapili anavaa nguo nyeusi, anatia kadi mbili mfukoni, ananing'iniza kipenga shingoni na kwenda kuchezesha mpira. Kwa hiyo wachezaji wa ligi ya mkoa wanamfahamu mara mbili. Jumamosi amewaonyesha kadi, na Jumatatu wanakuja na viatu vilivyochanika, wanasimama mbele ya kibanda kama wanafunzi waliochelewa namba.

"Refa, naomba unishonee hiki."

"Hiki si ndicho ulichomkanyagia mwenzako?"

"Aa, Refa, yale ni ya uwanjani."

"Na sindano hii unadhani ni ya wapi? Weka hapo. Njoo kesho."

Jina lake halisi limebaki kwenye vyeti. Watu wote humwita Refa. Mume wake, mpishi wa kantini ya shule, humwita bibie wanapopatana na Refa wanapokosana, hivyo majirani hujua hali ya nyumba kwa kusikiliza tu. Ana miaka arobaini na minne, watoto wawili wanaojitegemea, na mapafu ambayo vijana wa miaka ishirini wameyatamani. Mashabiki wana wimbo wao kwa ajili yake. Una maneno matatu tu, "Refa hana moyo!", na huimbwa na pande zote mbili za uwanja, kutegemea nani amepewa kadi. Yeye huupenda. Husema siku watakayomsifu wote, atajua ameharibu kazi.

Kanuni ya chama cha waamuzi ni fupi: ukitimiza miaka arobaini na mitano, unakabidhi kipenga. Katika fainali tisa zilizopita, Refa alipangwa pembeni kushika kibendera huku wanaume wakisimama katikati. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, jina lake liliandikwa katikati ya karatasi. Fainali ingechezwa wiki nne kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Asingepata nyingine. Alitakiwa kutimiza mambo mawili tu: kufaulu jaribio la mbio, na kuleta barua ya daktari kwamba mwili wake hauna neno.

Wiki kumi kabla ya fainali, siku ya Ijumaa, mambo yakaingia nyongo.

Alikuwa amekula chakula cha mchana alicholetewa na mumewe, mayai ya kukaanga na viazi vinavyong'aa mafuta. Saa moja baadaye, akishona kiatu cha shule, alishikwa na maumivu yaliyomfanya aangushe msharasi. Baadaye alisema ilikuwa kama msharasi uleule unasukumwa kutoka ndani kwenda nje. Jasho likamtoka, akatapika nyuma ya kibanda. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri, kiatu mguu mmoja na mwingine peku, alikimbia barabarani akasimamisha gari.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari wa zamu alikuwa kijana ambaye hajamaliza mwaka kazini, mwenye koti jeupe lenye mikunjo ya pasi na fomu mkononi.

"Wapi panauma, mama?"

"Chembe cha moyo."

"Moyo. Tangu saa ngapi?"

"Saa nane. Chembe cha moyo, daktari, halafu yanazunguka hadi mgongoni, huku kulia."

"Moyo, mgongo," daktari alirudia huku akiandika.

Walimbandika vibandiko kifuani, wakaunganisha nyaya, na mashine ikatema karatasi ndefu ya mistari. Daktari aliivuta kwa vidole viwili, akaitazama. Mahali ambapo mstari ulipaswa kushuka baada ya kila pigo, ulibaki juu, kama mtu aliyepanda ngazi akasahau kushuka. Kwa macho ya kila aliyesomea udaktari, hiyo ni alama ya mshtuko wa moyo. Kipimo cha damu ambacho kingethibitisha kilikuwa kimekwisha wiki ile. Daktari hakungoja. Alimpa vidonge vya kutafuna na vya kuweka chini ya ulimi, akamlaza karibu na mashine, akaja kumtazama kila robo saa. Ni haki kuyasema hayo, kwa sababu Refa mwenyewe huyasema kila anapokisimulia kisa hiki: kijana yule hakuwa mvivu.

Kabla jua halijatua maumivu yalikuwa yamekwisha. Karatasi ya siku ya pili ilikuwa na mistari iliyoanza kurudi mahali pake.

"Dawa imefanya kazi," daktari alisema.

Siku ya tatu alimwandikia karatasi nyingine yenye muhuri: mshtuko wa moyo, asikimbie, asinyanyue vizito, aonwe na bingwa wa moyo baada ya miezi mitatu. Refa alihesabu miezi kwa vidole vya mkono mmoja. Fainali ingekuwa imeshachezwa.

Angeweza kuificha karatasi ile. Katibu wa chama asingejua, na zahanati za kuandikiwa barua nzuri hazikosekani. Lakini mtu ambaye kwa miaka ishirini amewatoa uwanjani watu wanaoficha makosa hawezi kuanza kuficha uzeeni. Aliipeleka mwenyewe, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akaiweka mezani kwa katibu.

Katibu alikuwa mzee mnene, mpole, ambaye hupiga mstari kwa rula hata anapofuta neno moja. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Pole sana, dada. Afya kwanza."

"Nimekuja kukueleza ukweli, katibu. Sijaja kujiuzulu."

"Lakini daktari ameshaamua. Wewe mwenyewe huwafundisha vijana hapa: kipenga kikilia, kimelia." Akachukua rula, akaliwekea mstari jina lake. Mstari ulinyooka vizuri sana.

Kesho yake habari zilikuwa zimefika kila mahali. Mshambuliaji mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko mbio zake alipita kibandani akicheka.

"Refa! Kumbe una moyo!"

"Angalau sasa imethibitishwa," alijibu bila kuinua kichwa. "Tena kwa muhuri. Wewe cheti cha akili umepata wapi?"

Nyumbani hakukuwa na utani. Mume wake alikuwa amehamisha ndoo za maji, amefunga kamba ya kurukia kwenye fundo lisilofunguka, na viatu vyake vya kukimbilia ameviweka juu ya kabati.

"Bibie, nakuomba. Nakuomba kwa jina la watoto. Mpira umekupa nini? Matusi tu. Kaa chini upumzike."

"Nitakaa. Sitakimbia hata hatua moja mpaka nijue. Uamuzi ukitolewa, nauheshimu. Lakini nina haki ya kukata rufaa."

"Rufaa kwa nani? Kwa moyo?"

"Sikatai kuugua, mzee. Nakataa kuuguzwa ugonjwa ambao si wangu."

"Wewe umesomea wapi udaktari?"

"Sijasoma. Lakini mwili huu nakaa ndani yake mimi."

Mpishi alitupa kitambaa mezani. "Haya, Refa," alisema, na majirani wakaelewa.

Waamuzi wote hubeba kijitabu kidogo cha kuandikia dakika na tukio: nani amefunga, nani ameonywa, nani ametoka. Refa alifungua ukurasa mpya, na kwa wiki tatu akauchezesha mwili wake kama anavyochezesha mpira. Hakuandika anachohisi wala anachoogopa. Aliandika saa, dakika, mahali, na kilichotangulia. Alikunywa dawa zote alizopewa. Hakukimbia. Alipomaliza wiki ya tatu, alimwita mumewe, akampa kijitabu.

"Soma kwa sauti."

Mpishi akavaa miwani. "'Jumanne. Viazi vya kukaanga, saa saba. Maumivu saa nane na dakika tano. Chembe cha moyo, mgongo kulia. Dakika hamsini.' Halafu, 'Jumatano. Uji, maharage bila mafuta. Hakuna.' 'Alhamisi. Nimepanda tena ngazi za ofisi ya katibu, ghorofa nne, bila kupumzika. Hakuna.' 'Jumapili. Mayai mawili ya kukaanga.'" Alifuata mistari kwa kidole. Akaruka mistari kadhaa, akarudi nyuma. "Yamekuja mara nne."

"Na kila mara?"

"Ngoja kwanza. Unataka kusema chakula changu ndicho kilichokulaza hospitali?"

"Mimi sijasema. Kijitabu ndicho kimesema."

"Miaka ishirini na miwili nakupikia!"

"Na miaka ishirini na miwili nakula nikiomba niongezwe. Sikulaumu wewe. Nauliza tu: moyo gani huu unaopanda ghorofa nne bila kulalamika, halafu unaanguka mbele ya yai?"

Mpishi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Asubuhi yake alishusha kikaango kutoka msumarini, akakifunga kwenye gazeti na kukisukuma chini ya kitanda. Kisha akavaa shati la kutokea.

"Twende. Nami nataka kumsikia huyo daktari."

Walimkuta yule yule kijana, chumba kile kile, na foleni nje ya mlango. Ndani alikuwepo pia muuguzi mmoja, mama mtu mzima wa kukaribia kustaafu, aliyekuwa akipanga vibandiko vya mashine kwenye trei. Refa aliweka kijitabu mezani.

"Daktari, nimekuja kukata rufaa."

Kijana alisoma ukurasa wa kwanza, akatabasamu kwa adabu. "Mama, nimeelewa. Lakini chakula kinaweza kuchanganya mtu. Mimi nina karatasi ya mashine, na karatasi haidanganyi. Tena wewe mwenyewe ulisema moyo unauma."

"Sikusema moyo."

Daktari alifungua faili. "Hapa. 'Maumivu ya moyo.' Nimeandika ulivyosema."

"Nilisema chembe cha moyo."

"Ndiyo. Moyo."

Refa alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama beki kabla ya kuamua rangi ya kadi. "Hebu niwekee kidole, mwanangu. Kwako wewe. Chembe cha moyo kiko wapi?"

Kijana, kwa uhakika wa mtu aliyefaulu mitihani, aliweka kidole juu ya titi la kushoto.

Muuguzi alicheka hadi trei ikatikisika. "Jamani! Huyu mtoto wamempeleka shule ya bweni akiwa na meno ya utoto. Daktari, sogeza kidole. Shuka. Shuka. Njoo katikati. Mfupa wa kifua unapoishia, tumbo linapoanzia. Hapo penye shimo. Hapo ndipo chembe cha moyo. Moyo ni jirani tu, ameazimwa jina."

Uso wa kijana ulibadilika. Alikuwa amejifunza jina la kila kiungo cha mwili kwa lugha ya vitabu, na pale anapopaita kwa neno refu la kigeni, bibi yake mzaa mama bila shaka alipaita chembe cha moyo. Lakini likizo zilikuwa fupi, na bibi hakuwa ameumwa hapo mbele yake. Alisikia maneno matatu akaandika la mwisho.

"Sawa," alisema polepole. "Hapo nimekosea. Lakini mistari, mama. Mistari ilipanda kweli. Sikuiota."

"Wala sikukwambia umeiota. Una dakika mbili?"

"Foleni ni..."

"Mpe dakika mbili," muuguzi alisema.

"Nikiwa na miaka thelathini," Refa alianza, "nilichezesha mechi ya kushuka daraja. Mshambuliaji aliingia ndani ya boksi, beki akamfuata, jamaa akaanguka chini puu. Nikapuliza penalti. Kule pembeni mshika kibendera ananipungia, hapana, hapana. Sikumtazama. Nimeona mtu kaanguka, na beki yupo nyuma yake, nataka nini tena? Wakafunga. Timu ya yule beki ikashuka daraja. Jumatatu yule mshambuliaji akaja kibandani kwangu na kiatu. Soli imebanduka yote, inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Nikamuuliza, imebanduka lini? Akasema, 'Pale pale kwenye boksi, Refa. Ndiyo iliyoniangusha.' Na ile soli, daktari, nilikuwa nimeibandika mimi. Alhamisi. Gundi haikukauka."

Mpishi, aliyekuwa hajawahi kusikia kisa hicho katika miaka yote ya ndoa, aligeuka akamtazama mkewe.

"Kuanguka kulikuwa kwa kweli," Refa aliendelea. "Macho yangu hayakunidanganya. Beki ndiye hakuwa na kosa. Tangu siku hiyo, mtu akianguka napuliza, kisha nakwenda pembeni kuuliza. Sioni aibu. Sasa na wewe una washika vibendera wako humu hospitalini. Waulize. Wakisema ni moyo, nakupa mkono, narudi nyumbani, kipenga nakitundika."

Kijana alikifunga kijitabu. Kisha akasimama, akafunga mlango, akamwomba alale kitandani. Alibonyeza chembe cha moyo. Akasogeza mkono kulia, chini ya mbavu.

"Vuta pumzi, mama."

Refa akavuta, na pumzi ikakatika njiani. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Daktari hakuondoa macho usoni pake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akitazama karatasi.

Walichukua damu. Safari hii kipimo kilikuwepo. Walimbandika tena nyaya, kisha wakampeleka chumba cha picha, ambako walimpaka mafuta baridi tumboni na kumpitishia kifaa kama pasi ndogo. Mpishi alikaa kwenye benchi akiwa ameushika mkoba wa mkewe kwa mikono miwili. Ilipofika saa tisa daktari aliwaita, mbele yake kuna karatasi tatu.

"Kipimo cha damu cha moyo ni safi. Mistari ya leo ni safi kabisa, hakuna alama ya kovu. Na hii ni picha ya mfuko wa nyongo. Hivi vyeupe vyenye kivuli cheusi ni mawe. Saba. Moja limeziba mlango, na ukuta wa mfuko umevimba. Mafuta yakifika tumboni, mfuko unajikamua, na jiwe linakwama. Ndiyo maumivu yako."

"Kwa hiyo ni mafuta!" mpishi alisema, na haikujulikana kama amefurahi au ameumia.

"Mafuta yanaamsha tu, baba. Mawe hayakutoka jikoni kwako."

"Na mistari?" Refa aliuliza. "Nani aliipandisha?"

"Nyongo." Kijana alijikuna shingo. "Nililisoma hili, mama. Kuna ukurasa mzima. Mfuko wa nyongo ukivimba, kongosho ikiwaka moto, donge la damu likiziba mapafu, damu ikivuja kichwani, chumvi fulani ikizidi kwenye damu, hata mwili ukipoa kupita kiasi: vyote vinaweza kuchora mistari ile ile ya mshtuko wa moyo, na moyo hauna hatia. Mashine inasoma umeme tu. Haijui nani kauvuruga. Nililijibu swali hili kwenye mtihani, nikapata alama zote. Halafu lilipokuja likitembea kwa miguu, sikulitambua."

Muuguzi aliacha kupanga trei.

"Lakini niseme ukweli wangu," kijana aliongeza, akiinua uso. "Kesho akija mtu na jasho na mistari kama ile, nitampa dawa za moyo palepale. Sitasubiri picha. Wengi wao ni moyo kweli, na dakika tano zinaua."

"Na ufanye hivyo hivyo," Refa alisema. "Kupuliza hukukosea, mwanangu. Nilitaka tu utazame kibendera. Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Uamuzi wa kwanza umefutwa. Kwa maneno yako, na muhuri uwe mkubwa kama ule."

Wiki iliyofuata, hospitali kubwa, walimtoa mfuko wa nyongo kupitia matundu manne madogo ya tumboni. Mawe alipewa kwenye kichupa. Aliyaweka kibandani, kwenye rafu, kati ya rangi nyeusi ya viatu na rangi ya kahawia. Daktari wa upasuaji alimwambia asubiri wiki tatu kabla ya kukimbia. Akasubiri wiki tatu na siku moja. Fundo la kamba ya kurukia lilifunguliwa na mpishi mwenyewe, kwa meno.

Siku tisa kabla ya fainali alipanda tena ghorofa nne. Katibu aliisoma barua ya daktari, akapumua kwa shida.

"Nimefurahi, dada, wallahi nimefurahi. Lakini nafasi yako imeshapewa mtu mwingine. Jina limeandikwa, nakala zimesambazwa. Nirudi nyuma vipi? Kipenga kikilia..."

"Kimelia. Ni maneno yangu, usinirudishie nusu. Nusu ya pili inasemaje?"

Katibu aliigeuza rula mezani.

"Inasema refa haruhusiwi kubadili uamuzi wake baada ya mchezo kuanza tena. Baada ya kuanza, katibu. Kabla mpira haujaguswa, akigundua amekosea, anabadili. Si kwa hisani, ni kwa sheria. Fainali imeanza?"

"Haijaanza, lakini..."

"Mpira umeguswa?"

"Dada, utaniletea maneno na kamati."

"Waite. Waje na saa zao, waniweke uwanjani na huyo mliyemweka, mtupime pamoja. Nikishindwa mbio, mimi mwenyewe nitalipigia jina langu mstari. Rula nitaazima kwako."

Kamati ilikuja, watu wanne, siku ya Jumatano. Jaribio ni mbio fupi sita za mita arobaini, kisha mizunguko kumi ya kukimbia na kutembea kwa kufuata mlio wa kipenga. Wachezaji walisikia, wakajaa kwenye ukingo wa uwanja. Yule mshambuliaji wa mdomo mrefu alikuwepo. Alikuwepo pia daktari kijana, aliyeomba ruhusa ya saa mbili, amesimama karibu na mpishi. Mwamuzi aliyepewa nafasi yake, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, alianza kwa kasi. Katika mzunguko wa tatu Refa alikuwa nyuma yake mita ishirini. Katika mzunguko wa sita mpishi alifumba macho.

"Baba, fumbua," daktari alimwambia. "Huo moyo nimeupima mara tatu."

Katika mzunguko wa nane kipenga kililia na yule mwanamume hakuwa amefika kwenye alama. Katika mzunguko wa tisa tena hakufika, akainama, mikono magotini. Refa alimaliza wa kumi, akaendelea na wa kumi na moja ambao hakuna aliyemwagiza, akasimama mbele ya katibu. Jasho lilimtiririka kutoka kidevuni hadi kwenye nyasi. Alinyoosha mkono, kiganja juu, na katibu akauweka mle msimu wake wa mwisho: karatasi ya fainali, yenye nafasi ya katikati iliyo wazi.

Siku ya fainali uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta. Katika dakika ya sabini na moja, mshambuliaji alianguka ndani ya boksi. Alikuwa yule yule wa mdomo mrefu. Refa akapuliza, na nusu ya uwanja ikasimama ikidai penalti. Akaenda pembeni kwa mwendo wa kawaida, bila haraka, akaongea na mshika kibendera kwa sekunde kumi huku kelele zikimwagika juu ya kichwa chake. Kisha akarudi na kutoa ishara: hapana penalti. Amejiangusha.

"Refa hana moyo! Refa hana moyo!"

Mshambuliaji alimkimbilia, mishipa ya shingo imemtoka. "Refa! Umeona nimeanguka!"

"Nimeona. Lete soli."

"Nini?"

"Inua mguu, nione soli."

Akainua bila kuelewa. Soli ilikuwa imeshika vizuri, kwa uzi wa nailoni wa mshono mara mbili. Refa aliijua kazi ya mkono wake.

"Soli nzima. Hukuguswa wala hukuteleza," Refa alisema, akitia mkono mfukoni.

"Wewe kweli huna moyo!"

"Moyo ninao, kijana, nina karatasi yake nyumbani. Nisichokuwa nacho ni nyongo." Akainua kadi ya njano juu, mkono umenyooka, jukwaa zima likaiona. "Jumatatu usisahau kuja kuchukua kiatu chako kingine."